Kikombe Kisichopoa

Koo la Sia Bunghui lilianza kumuuma mwezi wa pili, na mtaa mzima ulijua siku hiyohiyo. Bunghui alikuwa amepiga ngoma kwenye kundi la opera hapa mjini Chaozhou kwa miaka thelathini na minane, masikio yake yamekufa nusu, na akinong'ona, mtu aliye ng'ambo ya mto anaweza kumjibu. Kila alipomeza wali alitoa mguno, na mimi niliyekuwa mlango wa pili nikishona miavuli ya watu niliusikia kama niko naye mezani.

Jina langu ni Ngou. Mimi, Bunghui na Mwalimu Zeng, aliyefundisha hesabu mpaka wanafunzi wake wakapata wajukuu, tumekunywa chai pamoja kila alasiri kwa miaka ishirini. Kwetu vikombe huwa vitatu, hata watu wakiwa wawili, hata wakiwa kumi. Ni vikombe vidogo, nusu ya ganda la yai. Buli hujazwa majani mpaka mfuniko unagoma kufunga, maji yanatoka jikoni yakichemka, chai inamiminwa kwa kuzungusha mkono juu ya vikombe vyote vitatu, na unainywa hapohapo, ikiwa bado inakuunguza vidole. Ukisubiri, harufu inaondoka. Ndivyo baba zetu walivyokunywa, na hakuna aliyewahi kuuliza koo linasemaje.

Sasa koo la Bunghui likawa limesema. Mkewe, Geklang, alimburuta hospitali. Huyu Geklang ni mwanamke mfupi, mchapakazi, mwenye maneno machache yanayotosha. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani, akamwingizia mzee mpira wenye kamera mpaka kifuani, halafu akamkalisha.

"Mzee, chai unakunywa ya moto kiasi gani?"

"Ya kawaida tu, binti yangu."

"Kawaida ndiyo ipi?"

Geklang akamjibia. "Daktari, kawaida yake ni hii: ikitoka kwenye buli inachemka, ikifika tumboni bado inachemka."

Daktari akamwonyesha picha. Njia ya chakula ilikuwa nyekundu, ina vidonda kama mguu uliokanyaga kaa la moto. Akasema saratani hakuna, lakini mzee ameshaanza kuipigia hodi. Maji ya kupikia chai yachemke anavyotaka, hilo halimhusu; ila chai inayoingia kinywani isizidi nyuzi sitini, kuanzia siku ile mpaka siku ya kuzikwa kwake.

"Sitini?" Bunghui alipaza sauti hadi muuguzi akachungulia. "Daktari, hayo ni maji ya kuoshea miguu!"

"Basi koo lako litakuwa safi kama miguu," daktari akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Binti yao, Shuting, mwalimu wa shule ya msingi, alimletea kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano ndefu na tarakimu zinazowaka. Alasiri ya kwanza Bunghui alikiweka mezani kwa heshima, kama mtu anayeweka bastola. Mwalimu Zeng alimimina chai. Mimi na Zeng tukanywa. Bunghui akachovya sindano.

"Themanini na moja," akasoma.

Tukasubiri.

"Sabini na sita."

"Bunghui," akasema Mwalimu Zeng, "majani yanalowa humo ndani. Siwezi kumimina duru ya pili wakati kikombe chako kimejaa."

"Miminieni viwili."

"Viwili! Nimimine viwili kama tuko msibani?"

"Sabini na mbili."

"Bunghui, unahesabu kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe."

Kikombe kilipofika sitini, majani yalikuwa yamekaa kwenye maji mpaka duru ya pili ikatoka nyeusi na chungu kama dawa ya minyoo. Bunghui alikunywa ya kwake, akalamba midomo, akatazama dari. "Haina kitu," akasema kwa huzuni. "Ni kama kumbusu shangazi."

Siku ya tatu akajaribu ujanja. Akaona kama shida ni moto, basi apike chai yenyewe kwa maji ya nyuzi sitini. Akatoa majani yake mazuri kuliko yote, yale tunayoyaita Mavi ya Bata, jina ambalo wakulima waliyapa ili majirani wasitamani kuyaiba. Akayamwagia maji ya uvuguvugu. Majani hayakufunguka. Yalikaa tu yamejikunja. Tulichokunywa kilikuwa na ladha ya maji yaliyosuuziwa kikapu.

"Leo," Zeng akasema, "jina limeendana na kitu chenyewe."

Siku ya tano Geklang alimkamata akiwa amechovya sindano kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, anasoma kwa sauti "Hamsini na nane!" huku mkono mwingine unapeleka kinywani kikombe kinachofuka moshi. Hakugombana naye. Alichukua kikombe, akakiweka dirishani, akarudi kukatakata vitunguu. Tangu siku ile alikuwa akitoka jikoni kila dakika kumi kutazama tarakimu mwenyewe, na Bunghui akawa mtu anayechungwa nyumbani kwake.

Mambo yalikuwa hapo wakati wakwe watarajiwa walipotuma habari kwamba wanakuja.

Shuting alikuwa na mchumba, Liangwei, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Baba yake, Mzee Gua, alilima chai juu kabisa kwenye mlima Fenghuang, na familia yake ilikuwa na mti mmoja uliopandwa na babu wa babu yake. Majani ya mti ule hayakuwa yanauzwa, yalikuwa yanatolewa zawadi. Mzee Gua alisema atakuja na mkewe na kijana, ataleta majani ya mti huo ya mwaka huu, na atapika chai kwa mkono wake. Ndugu wa pekee wa Bunghui yuko Bangkok, kwa hiyo nilivalishwa shati la mikono mirefu nikawa ndugu wa baba.

Asubuhi ya siku ya ugeni Bunghui aliniita pembeni, maana yake alinipigia kelele karibu na sikio.

"Ngou, hawa watu wasijue habari ya koo langu."

"Kwa nini?"

"Watasema ukoo wa Sia una makoo mabovu. Watamhurumia binti yangu. Mkulima wa Fenghuang ananimiminia chai ya mti wa babu zake, halafu mimi natoa sindano? Bora nimteme mate usoni."

"Utakunywa ikiwa inachemka, basi?"

Akatazama mlango wa jikoni, ambako Geklang alikuwa anakaanga chaza na mayai. "Nimeapa mbele yake," akasema. "Nitaongea. Nikipewa kikombe nitanusa, nitasifu, nitaongea mpaka kipoe. Wewe ukiona nimeishiwa, uliza swali."

Walifika saa nne. Mzee Gua alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vyeusi kwa kusugua majani. Mkewe alikuwa mnene na mwenye haya. Salamu zilikwenda vizuri, maembe waliyoleta yakapokelewa, Liangwei akajikwaa kizingiti na kila mtu akajifanya hakuona. Kisha Mzee Gua akatoa kopo la bati lililofungwa kwa kitambaa chekundu, akakaa mbele ya jiko la mkaa, akabandika birika.

Sitasema uongo, alikuwa fundi. Alisikiliza birika bila kulitazama. Viputo vidogo vilipoanza aliviacha, vilipokuwa kama macho ya samaki aliviacha, mpaka maji yakaanza kunguruma. Akayamwaga kwa juu, povu likaja, akalifagia kwa mfuniko. Vikombe vitatu vikajaa sawasawa. Kimoja kwa Bunghui, kimoja kwangu, kimoja kwa mke wake mwenyewe. Harufu ilipanda hadi kwenye picha za marehemu ukutani.

"Karibu, mzazi mwenzangu," Mzee Gua akasema. "Kunywa ikiwa moto."

Nilikunywa changu. Kiliniunguza na kilikuwa kitamu. Bunghui akakiinua kikombe chake, akafumba macho, akanusa.

"Aaah," akasema.

"Kunywa."

"Harufu hii inanikumbusha mwaka tulipopiga opera kijijini kwenu juu huko. Mvua ilinyesha, ngozi ya ngoma ikalegea. Sasa nikamwambia kiongozi wa kundi..."

Akaanza. Kiongozi wa kundi akamjibu, mpiga matoazi akaingilia, punda akaanguka mtoni. Mzee Gua alikuwa hatazami uso wa Bunghui, alikuwa anatazama kikombe. Moshi ulipoanza kupungua, alinyoosha mkono kwa adabu kubwa, akakichukua kikombe kutoka vidoleni mwa Bunghui, akaimwaga chai kwenye sinia, akajaza nyingine inayochemka.

"Ilikuwa imepoa," akasema.

Na ndivyo mwenyeji yeyote wa heshima anavyofanya. Bunghui alikitazama kikombe kipya kama mtu aliyelipa faini akarudishwa tena mahakamani.

"Asante sana," akasema. "Sasa yule punda..."

Chini ya meza Shuting alinikanyaga. "Mzee Gua," nikauliza haraka, "huko juu mna punda wangapi?"

"Hatuna punda," akajibu, bila kuondoa macho kwenye kikombe. Akakichukua. Akamwaga. Akajaza.

Mara ya tatu uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mkewe alimwinamia mtoto wake na kumnong'oneza, nami nilisikia: "Hawakutaki, mwanangu. Wanaona haya kusema." Liangwei akaanza kutoka jasho masikioni. Shuting akafungua mdomo, baba yake akamkata jicho, akaufunga.

"Mzazi mwenzangu," Mzee Gua akasema polepole, "chai yangu ina kasoro?"

"Kasoro? Hata kidogo! Nani amesema kasoro?"

"Ama ni mtoto wangu ana kasoro?"

"Huyu? Huyu ni kijana safi! Ana masikio ya bahati!"

"Basi kunywa."

"Nakunywa."

"Hunywi, unaivizia."

Kikombe cha tatu kilikuwa mezani. Mzee Gua akanyoosha mkono kukichukua akimwage tena, na hapo uvumilivu wa Bunghui ukaisha. Akakifunika kwa kiganja.

"Kiache!"

"Kimepoa. Siwezi kukunywesha chai baridi siku kama ya leo."

"Kiache hivyo hivyo, nakipenda!"

"Toa mkono."

"Toa wako!"

Wazee wawili, wote wamepita sitini na tano, walikuwa wameshikana mikono juu ya kikombe kisichotosha kuogeshea nzi. Hakuna aliyevuta kwa nguvu, adabu ilikuwepo bado, lakini hakuna aliyeachia. Mimi nilijaribu kukumbuka swali jingine na kichwani nikakuta punda tu.

Geklang akatoka jikoni na sahani ya chaza. Akaiweka mezani, akawatazama wanaume wale, akakichomoa kikombe katikati ya mikono yao kama anavyowanyang'anya watoto kisu. Na kwa kuwa hajazoea kumwaga chai, akainywa.

Ngoja niseme jambo moja. Kwa miaka ishirini mwanamke huyu alikuwa anapika wakati sisi tunakunywa. Chai yake ilikuwa ile iliyobaki, anaipata akishakausha mikono, imepoa muda mrefu. Sisi tulijua chai ya moto. Chai iliyopoa hakuna aliyeijua kumshinda, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akaizungusha mdomoni. Akameza. Akasema, kama anavyosema kwamba samaki wa sokoni leo si wa leo:

"Hii si ya mti wa zamani."



"Mama Shuting!" Bunghui alifoka, na safari hii sauti yake ilistahili.

Geklang akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa imemtoka tu. Lakini Mzee Gua alikuwa amemgeukia, na hakuwa amekasirika. Alikuwa ameduwaa.

"Dada," akamwambia, "umesemaje?"

"Nisamehe, kaka. Mimi ni mtu wa jikoni."

"Hapana. Sema."

Akasitasita, akatazama kikombe kitupu. "Ikiwa moto inanukia vizuri, nimeisikia mpaka kwenye kikaango. Ila ikipoa, harufu inaondoka na kinachobaki ndio chenyewe. Hii mbele ni tamu, nyuma inakaba. Inabana pembeni mwa ulimi. Chai ya juu ikipoa haibani, inakuwa kama maji ya mchele. Hii nadhani ni ya bondeni. Na majani yake hayakupata jua."

Liangwei akainamisha kichwa. "Baba," akasema, "nilikwambia tuwaambie."

Mzee Gua alilegea kwenye kigoda kama mwanasesere aliyekatwa kamba. Akasema mwaka huu mvua ilinyesha siku kumi na moja mfululizo wakati wa kuchuma. Majani ya mti wa babu yalivunwa yakiwa yamelowa, hayakupata hata saa moja ya jua, yakaozea kwenye nyungo. Hakubakiwa na hata kiganja kimoja. Alikuwa ameahidi, ujumbe ulikuwa umetumwa. Akachukua majani ya shamba la chini, akayachoma kwenye mkaa mara tatu ili harufu ifunike kasoro.

"Nilijua ikiwa moto hakuna atakayegundua," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa namwaga. Kila kikipoa moyo unanidunda. Nikasema huyu mpiga ngoma ameshajua, ananingoja tu, ananitesa kwa hadithi za punda."

Bunghui alimkodolea macho. "Mimi? Nijue nini? Mimi nilikuwa nasubiri nyuzi sitini!"

"Nyuzi gani?"

Bunghui akatoa kipimajoto kutoka mfuko wa suruali, alikokuwa amekificha, akakiweka mezani. Akaeleza kila kitu: vidonda, kamera, daktari wa miwani, kiapo. Alieleza kwa sauti ambayo sidhani kuna jirani aliyebaki hajui. Alipomaliza, mama yake Liangwei ndiye aliyeanza kucheka. Yule mama mwenye haya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa chekundu cha kopo.

"Na mimi nimeshaanza kumtafutia mtoto mchumba mwingine kichwani," akasema. "Nilikuwa nimefika kwa binti wa fundi cherehani."

"Mama!" Liangwei akalia.

"Nimeshamwacha, mwanangu. Nimeshamwacha."

Shuting alimzuia mama yake asirudi kwenye kikaango, akamkalisha kwenye kiti. Mzee Gua akapika upya, majani yaleyale ya bondeni, bila kuyapa jina. Kikombe cha kwanza akampa Geklang kwa mikono miwili. Geklang hakujua afanye nini nacho kikiwa moto namna ile. Akakiweka chini, akasubiri. Na Mzee Gua, mkulima wa Fenghuang, akakiacha kipoe bila kukigusa, ingawa niliona vidole vyake vinamwasha.

Harusi ilifanyika mwezi wa kumi. Kabla ya hapo Bunghui alirudi hospitali, mpira ukaingia tena, na daktari akasema vidonda vimefunga. Bunghui akauliza kama sasa anaweza kupanda hadi sabini. Daktari akamuuliza Geklang kama ana swali lingine lolote.

Lakini jambo lililotushangaza lilikuja masika yaliyofuata. Mzee Gua alishuka mwenyewe kutoka mlimani, akakaa sebuleni, na hakumtaka Bunghui. Alimtaka Geklang. Alisema mwaka huu jua lipo, mavuno ni makubwa, na anataka mtu wa kuonja chai ya kila mkupuo ikishapoa kabla hajaandika jina juu ya kopo. Wanaume wote wa mlimani, alisema, wameunguza ndimi zao tangu utotoni, hawana faida.

"Siku ngapi?" Geklang akauliza.

"Kumi na tano, dada."

Bunghui akacheka. "Nani atapika hapa?"

Geklang aliingia ndani, na tulisikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda.

Siku ya tatu ya safari ile tulikuwa kwa Bunghui, mimi na Zeng, tunatazama uji unavyoungua. Bunghui akapiga simu mlimani. Kwa masikio yake ilibidi aweke kipaza sauti, kwa hiyo sote tulisikia watu wengi wakicheka upande wa pili, na sauti ya Geklang ikiwa juu yao.

"Mama Shuting! Chumvi iko wapi?"

"Kwenye kopo lililoandikwa sukari."

"Na sukari je?"

"Subiri kidogo, nina vikombe tisa hapa," akasema, kisha akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "hii hapana, irudishe," na simu ikakatika.

Bunghui alibaki ameishika. Mwalimu Zeng akafungua makopo yote rafuni moja baada ya jingine, akichovya kidole na kulamba, na lile la nne lilikuwa sabuni ya unga.